Kabati Lisilomwangukia Mtoto

Hapa Lusahunga, mteja akija karakana huuliza mambo matatu: mbao gani, bei gani, atachukua lini. Mimi huongeza la nne: una mtoto wa umri gani? Mtoto wa miaka miwili hadi mitano akitaka kitu kilicho juu ya kabati, hufungua droo zote akazipanda kama ngazi.

Piga hesabu kabla ya kushika msumeno. Chukua kabati la kilo 40 lenye kina cha sm 44. Uzito wake uko katikati, sm 22 nyuma ya ukingo wa mbele: 40 × 22 ni 880. Hiyo ndiyo nguvu inayolisimamisha. Droo tatu za kilo 5 kila moja zikivutwa sm 35 hula 525, inabaki 355. Mtoto wa kilo 15 akining'inia kwenye droo ya juu anavuta 15 × 35, yaani 525. Kabati linakuja naye. Zuia droo zisipite sm 20: inabaki 580, mtoto anavuta 300 tu.

Kwa hiyo:

1. Kila droo iwe na stopa ya mbao ngumu kwa nyuma.
2. Paini ni nyepesi, itumie juu. Chini weka mninga, na droo kubwa ya vitu vizito.
3. Miguu ya mbele isirudi ndani kwa urembo. Kila sm 5 inakula 200.
4. Mgongoni, juu, pitisha ubao mnene wa kufungia ukutani.
5. Ukuta wa tofali, toboa tofali lenyewe, si lipu. Nyumba ya miti na udongo, funga kwenye mti uliosimama.

Baada ya vifo vya watoto walioangukiwa na makabati, mwaka 2016 kampuni ya samani ya IKEA iliita yarudishwe makabati kama milioni 29 yaliyouzwa Marekani. Tangu Septemba 2023, sheria ya huko inataka kabati la nguo lihimili uzito wa mtoto wa kilo 27. Kupata uzito unaokaribia huo karakanani, fungua droo zote, ning'iniza kwenye ile ya juu dumu la lita 20 na la lita 5, yote yamejaa maji. Kabati likiinua miguu ya nyuma, halitoki.

Stopa na engo za kulifungia ukutani naziweka ndani ya bei. Ukimwachia mteja achague, atapunguza hizo kwanza.