Anza na siku 84

Wiki hii nimepata barua ya nesi mmoja wa Mbeya. Stashahada anayo, leseni anayo, na wenzake watano aliosoma nao wako nyumbani mwaka wa pili sasa, wanasubiri ajira. Wakati huohuo kijijini kwao zahanati ina nesi mmoja tu. Ananiuliza: dada, nikifungua wakala wa kuwaunganisha manesi na vituo vya vijijini, nitakuwa naota?

Huoti, mdogo wangu. Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2010 kwamba karibu nusu ya watu duniani wanaishi vijijini, ila wanahudumiwa na asilimia 38 tu ya wauguzi. Na ya kwetu unayaona mwenyewe, nafasi ziko wazi na wahitimu wamekaa. Lakini umeniandikia jina la kampuni, nembo na rangi ya sare, hujaniambia nesi wako atalala wapi. Tuanzie hapo.

Mimi, nikiwa nesi, niliripoti kijijini na begi moja na ndoo. Nyumba ya mtumishi ilikuwepo, popo wamejaa darini, mlango unafungwa kwa kamba ya katani. Usiku wa tatu nikagongewa, mama ana uchungu. Nilimzalisha huku tochi ya simu nimeibana kwa meno. Mtoto alipolia na mimi nikalia. Kazi niliipenda tangu usiku ule. Baada ya miezi 14 niliondoka kwa sababu ya ile kamba. Niliomba kitasa mara tatu, kila mara naambiwa subiri, na mwanamke anayelala peke yake hawezi kusubiri kitasa mwaka mzima.

Kwa hiyo kabla hujamtafutia mtu nafasi, nenda ukaione nyumba. Shika mlango, fungua bomba, uliza basi la mwisho linapita saa ngapi. Kituo kisichoweza kutoa chumba chenye kitasa, usikipelekee mtu.

Sasa biashara yenyewe. Usikimbilie kuahidi manesi wa kudumu mkoa mzima. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Hospitali kubwa watapanga zamu upya, kazi itaendelea. Kituo chenye manesi wawili, mmoja akienda kujifungua, aliyebaki anashika mchana na usiku kwa wiki 12. Hapo ndipo mtu anachoka hadi anaanza kukosea dozi. Anza na pengo hilo. Chagua wilaya mbili unazozifikia kwa basi, zungukia vituo binafsi na hospitali za mashirika ya dini, uliza nani ana likizo mwaka huu.

Hospitali za dini zina kilio kingine, serikali ikitangaza ajira manesi wao wanahama. Usiwalaumu, kila mtu anatafuta penye uhakika. Wewe kuwa na daftari la watu walio tayari, leseni zao umezihakiki Baraza la Uuguzi na Ukunga, wadhamini wao umewapigia simu mwenyewe. Na ukiwatafuta, anza na mabinti na vijana waliokulia vijijini. Shirika hilohilo la Afya limelisisitiza hili: aliyekulia kijijini ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kubaki huko. Ila usimng'oe nesi zahanati moja ukampeleka nyingine. Hapo utakuwa umehamisha shida kutoka kwa mama mmoja kwenda kwa mwingine.

Sheria usiiruke. Kwa Kanuni za Mawakala Binafsi wa Ajira za mwaka 2014, kazi ya wakala ni kuunganisha, na mwajiri ni yule anayefanyiwa kazi. Maana yake mkataba, mshahara na michango ya NSSF ni juu ya kituo, nawe unalipwa na kituo kwa kumtafuta mtu, kumhakiki na kumfuatilia. Nenda ofisi ya kazi ukaulize masharti ya leseni ya uwakala kabla hujatumia hata shilingi ya mtaji.

Nesi usimtoze. Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema wakala asichukue ada kwa mtafuta kazi, na hata usingesema, mimi ningesema. Nimewahi kuona msichana anakopa kwa shangazi yake alipie "fomu" ya kazi ambayo haikuwepo. Ukiwa wakala wa namna hiyo, kona hii usiisome tena.

Vituo vingi vinaishi kwa kusubiri malipo ya bima, basi ada yako dai nusu kabla nesi hajapanda basi. Na nauli yake iandikwe kwenye mkataba, nani anailipa, siku gani.

Nembo iache kwanza, mdogo wangu. Wiki ijayo tembelea vituo vitano, kalamu na daftari mkononi. Ukirudi niandikie umekuta vyumba vingapi vyenye kitasa.