Gari Kuukuu na Barabara ya Theluji: Mwongozo kwa Mnunuzi wa Colorado

Barabara kuu ya I-70 huanza kupanda milima mara tu inapouacha mji wa Denver, ulio mita 1,609 juu ya usawa wa bahari, na hufika mita 3,401 kwenye handaki la Eisenhower. Huo ni mwendo wa saa moja na kidogo siku ya jua. Siku ya theluji, Jumamosi ya Januari, unaweza kuwa mwendo wa saa nne. Ng'ambo ya handaki ndiko ziliko Keystone, Breckenridge, Copper Mountain na Vail, na miongoni mwa wasomaji wetu wa Kiswahili wa Denver na Aurora wapo wanaokwenda huko kuwafundisha watoto wao kuteleza thelujini, na wapo wanaokwenda alfajiri kufanya kazi katika hoteli na mikahawa. Somo hili limeandikwa kwa ajili ya wote hao, maadamu wanatafuta gari lenye umri wa miaka 10 hadi 20 na hawana fedha za kununua mara mbili.

Tunashauri hivi: gari kuukuu la mlimani lisichaguliwe kwa nembo ya magurudumu manne iliyobandikwa nyuma yake. Lichaguliwe kwa matairi yake, breki zake, mfumo wake wa kupoza injini, na karatasi za matengenezo yake. Muuzaji ataizungumzia nembo kwa sababu inaonekana. Mengine hayo manne mnunuzi hana budi kuyauliza mwenyewe.

Fedha igawanywe kabla ya kutoka nyumbani

Mwenye dola 6,000 asitafute gari la dola 6,000. Atafute la 4,500 au chini ya hapo. Katika kinachobaki, matairi manne ya theluji yatachukua dola mia kadhaa, na betri, pedi za breki na ada ya usajili vitataka sehemu yao. Tunalitaja jambo hili mwanzo kwa sababu malalamiko ya wanunuzi wa magari ya zamani aghalabu huanzia hapa: fedha yote imekwisha siku ya kununua, gari linapanda mlima na matairi liliyokuja nayo, na matengenezo ya kwanza yanalipwa kwa mkopo wa riba kubwa.

Kwa anayekwenda mara mbili au tatu kwa msimu, tungemwambia asinunue kabisa kwa ajili hiyo. Idara ya uchukuzi ya jimbo huendesha mabasi ya Snowstang kutoka Denver hadi baadhi ya viwanja vya kuteleza wakati wa majira ya baridi, na nauli yake haifikii gharama ya tairi moja.

Magurudumu manne hayasaidii kusimama

Imani imeenea kwamba gari linalovuta kwa magurudumu yote manne ni salama thelujini. Mfumo huo husaidia gari kuondoka liliposimama na kupanda mlima. Hausaidii kusimama. Kila gari, liwe la magurudumu mawili au manne, husimama kwa breki za magurudumu manne na kwa mshiko wa tairi juu ya barabara. Toyota Corolla ya zamani yenye matairi mazuri ya theluji huweza kusimama mapema kuliko gari kubwa la magurudumu manne lenye kashata zilizolika. Tena dereva wa gari kubwa hupata ujasiri wa bure, kwa kuwa haliserereki wakati wa kuondoka, naye hutambua hali halisi ya barabara pale anapokanyaga breki tu.

Hatusemi kwamba mfumo huo hauna thamani. Kwa anayelazimika kupanda kila siku ya kazi, hata theluji inapoanguka, una thamani kubwa. Lakini una gharama zake. Katika magari yanayovuta kwa magurudumu manne wakati wote, kama Subaru nyingi, matairi yote manne sharti yawe ya ukubwa mmoja na ya ulikaji unaokaribiana. Mtu akibadilisha tairi moja tu lililopasuka na kuyaacha matatu yaliyolika, magurudumu huzunguka kwa kasi tofauti na mashine inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma huharibika pole pole. Basi ukikagua gari la namna hiyo, soma jina na ukubwa kwenye kila tairi, kisha linganisha kashata. Matairi ya aina nne tofauti ni ushahidi wa namna mwenyewe alivyolitunza gari lake. Kwa gari la aina ya pikapu au jipu ambalo mfumo huingizwa kwa kitufe au kwa mkono, mwombe muuzaji auingize na kuutoa mbele yako. Mifumo iliyokaa miaka bila kutumika hukwama.

Matairi na sheria ya jimbo

Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Septemba hadi tarehe 31 Mei, magari yanayopita I-70 kati ya Morrison na Dotsero hutakiwa kuwa na matairi au vifaa vinavyofaa kwa theluji. Kipimo cha kukumbuka ni kina cha kashata kisichopungua inchi 3/16, yaani karibu milimita 5. Tairi jipya huwa na takribani milimita 8. Barabara za kawaida zinaruhusu kashata ishuke hadi milimita 1.6, na hapo ndipo wanunuzi wengi hunaswa: muuzaji husema matairi "bado yana maisha", naye hasemi uongo, lakini maisha hayo ni ya mjini. Kipimo kidogo cha kina cha kashata huuzwa kwa dola chache katika duka la vipuri. Kinunue kabla ya gari.

Anayekamatwa bila matairi au vifaa vinavyotakiwa hutozwa faini inayozidi dola 130. Gari lake likikwama na kuziba barabara, faini huzidi dola 650, mbali na gharama ya kuvutwa. Masharti ya minyororo hutofautiana kwa aina ya gari na hurekebishwa mara kwa mara, hivyo yasomwe upya kila msimu. Kwa gari la magurudumu mawili tunashauri minyororo ikae ndani wakati wote, na mwenye gari ajizoeze kuifunga mchana, nyumbani, mikono ikiwa na joto.

Angalia alama ubavuni mwa tairi. Herufi M+S humaanisha tairi la tope na theluji, nazo hutokana na umbo la kashata tu. Picha ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake humaanisha kwamba tairi limejaribiwa thelujini likafaulu. Ya pili ndiyo ya kutafuta. Angalia pia namba nne za mwisho katika msimbo unaoanza na DOT: 3517 ni tairi lililotengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2017. Mpira huwa mgumu kwa uzee hata kama kashata ni nzima, na mpira mgumu haushiki barafu.

Injini, joto na urefu wa mlima

Hewa ni nyepesi juu ya mlima. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za kupanda, hivyo kwenye handaki la Eisenhower hubaki na theluthi mbili tu ya nguvu ambazo ingekuwa nazo pwani. Gari dogo lenye abiria watano na mizigo litapanda kwa gia ya chini, injini ikinguruma, kwa muda mrefu. Hapo ndipo udhaifu wa mfumo wa kupoza hujitokeza. Maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzi 89 hivi za Selsiasi kwenye kimo hicho badala ya 100, na kinachozuia rejeta isichemke ni mgandamizo unaotunzwa na kifuniko, mipira na gasketi. Mpira uliochoka au kifuniko cha dola 15 kinaweza kuliacha gari kando ya barabara.

Injini ikiwa imepoa, fungua kifuniko na utazame. Maji ya rejeta yawe na rangi safi. Yakiwa na utando wa mafuta, au oili ikiwa na rangi ya maziwa, gasketi ya silinda hedi imeharibika, ondoka. Injini za Subaru za lita 2.5 za mwisho wa miaka ya 1990 na za miaka ya 2000 zinajulikana kwa ugonjwa huo, na kwa kuwa magari hayo yanapendwa sana Colorado, usikubali moja bila kuona risiti ya kazi hiyo au kusikia neno la fundi. Risiti ya mkanda wa taimingi nayo iulizwe papo hapo. Gari lililotoka jimbo la joto kama Arizona huweza kuwa na maji matupu ndani ya rejeta. Maji matupu huganda na kupasua injini. Mchanganyiko wa nusu maji na nusu kizuia kuganda huvumilia hadi karibu nyuzi 37 chini ya sifuri.

Hita ipimwe kama chombo cha usalama. Katika foleni ya saa tatu karibu na handaki, gari ambalo hita yake haifanyi kazi ni hatari kwa mtoto mchanga, na kioo kisichoondolewa ukungu humfanya dereva kipofu. Iwashe hadi mwisho, subiri injini ipate joto, na uweke mkono kwenye kila tundu. Ekzosi nayo isikilizwe. Ekzosi iliyotoboka huingiza ndani ya gari hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi. Hata ekzosi nzima huwa hatari bomba lake likizibwa na theluji, hivyo gari lililokwama lifukuliwe nyuma kabla ya kuwashwa.

Jambo dogo kuhusu petroli: ile ya bei ya chini kabisa Colorado aghalabu ni ya oktani 85, ilhali vitabu vya magari mengi hutaka angalau 87. Fuata kitabu cha gari lako.

Kushuka, na kutu chini ya gari

Upande wa magharibi wa handaki, barabara inayoteremka kuelekea Silverthorne ina mteremko wa asilimia 7, nayo imewekewa njia za dharura za malori yaliyopoteza breki. Gari lako nalo litashuka hapo. Wakati wa kulijaribu, tafuta mteremko mrefu, shusha gia, na uone kama injini inalizuia gari. Kisha kanyaga breki kwa nguvu mahali pakavu pasipo na magari: usukani usitetemeke, gari lisivute upande mmoja. Ukiwasha swichi, taa ya ABS iwake kisha izimike. Isipowaka kabisa, huenda mtu ameitoa.

Magari yaliyotoka Michigan, Ohio au New York yametembea miaka mingi juu ya chumvi ya barabarani. Rangi ya juu haikwambii kitu. Lala chini na tochi uangalie chasisi na mabomba ya breki. Kutu ya juu juu si neno. Kutu inayobanduka kama magamba kwenye bomba la breki ni sababu ya kuliacha gari.

Karatasi na mapatano

Muuzaji mwenye yadi anatakiwa na sheria ya serikali kuu kubandika kwenye kila gari lililotumika karatasi iitwayo Buyers Guide. Isome kabla ya bei. Kisanduku cha "As Is" kikiwa na alama, yadi haitoi dhamana, na ahadi yoyote ya mdomo isiyoandikwa kwenye karatasi hiyo ni vigumu kuidai. Wengi huamini kwamba wana siku tatu za kurudisha gari. Hakuna haki ya namna hiyo kwa gari lililonunuliwa kwenye yadi, isipokuwa yadi yenyewe imeiandika.

Namba ya VIN yenye tarakimu na herufi 17 itumike kutafuta historia ya gari, na katika tovuti ya wakala wa usalama barabarani, NHTSA, itakuonyesha bure kama gari lina wito wa marekebisho ambao haujafanyiwa kazi. Kwa magari ya zamani jambo hili ni zito, kwa kuwa mengi yalikumbwa na kasoro ya mifuko ya hewa ya Takata. Mtengenezaji halazimiki kurekebisha bure gari lililokuwa na zaidi ya miaka 15 wito ulipotolewa. Kuhusu maili, gari la mwaka 2010 au nyuma yake muuzaji halazimiki kisheria kuyathibitisha, basi amini risiti kuliko dashibodi. Hati ya umiliki yenye maneno "rebuilt from salvage" humaanisha gari liliwahi kuhesabiwa kuwa limekufa likajengwa upya. Bei yake iwe chini sana, na bima iulizwe kwanza.

Mwisho ni fundi. Lipeleke gari kwa fundi uliyemchagua mwenyewe, asiyejuana na muuzaji, ulipe ada ya ukaguzi, na umwombe aandike alichokiona. Orodha hiyo itakusaidia wakati wa kupatana bei: kila kasoro itajwe pamoja na gharama yake. Panga ukaguzi asubuhi, na umwombe muuzaji asiwashe injini kabla hamjafika, kwa kuwa betri dhaifu na injini inayotoa moshi hujitambulisha katika baridi. Ukikuta boneti ina joto, uliza kwa nini. Muuzaji akikataa gari lisipelekwe kwa fundi, mrudishie funguo na umuage kwa adabu.