Somo: Spesa za Magurudumu – Tufunge au Tusifunge?



Vikundi vingine vya kujisaidia vimechanga pesa na kununua gari, pengine Probox ama pikapu. Gari hilo hupeleka maziwa asubuhi, mahindi siku ya soko, na usiku likihitajika hukimbiza mgonjwa Longisa. Gurudumu likichomoka njiani tunapoteza zaidi ya maziwa. Kwa hiyo leo tujifunze juu ya spesa.

Spesa ni nini?

Ni kipande cha chuma au aloi kinachowekwa kati ya habu na rimu ili kulisukuma gurudumu nje kidogo. Kuna aina mbili. Ya kwanza ni nyembamba, kama milimita 3 hadi 5, na hupenyezwa tu kwenye bolti zilizopo. Ya pili ni nene, mara nyingi milimita 25 au zaidi, na ina bolti zake yenyewe. Hiyo hufungwa kwenye habu kwa nati zake, kisha gurudumu hufungwa juu yake.

Watu huziweka kwa sababu tairi kubwa inagusa springi au madigadi, ama kwa urembo tu.

Kwanza jiulizeni: je, tunazihitaji?

Gurudumu likisogea nje, uzito wa mzigo huvuta beringi na bolti kwa nguvu zaidi. Ni kama kubeba debe la maji: ukilishika karibu na kifua unaweza, ukinyoosha mkono unachoka haraka. Gari la urembo mjini si sawa na gari la mzigo kwenye murram yenye mashimo. Kama shida ni tairi kugusa, dawa ya kweli ni kurudisha tairi na rimu za kipimo cha gari. Kama mtu anazitaka kwa urembo, kikundi kikatae. Pesa hizo zinunue tairi nzuri.

Mkiamua kuzifunga, ulizeni kwanza kampuni ya bima na mkaguzi wa magari wa NTSA. Halafu fuateni hatua hizi:

1. Nunueni spesa ya gari lenu hasa. Probox ina bolti 4 katika duara la milimita 100, na kitovu cha habu ni milimita 54.1. Spesa ikae kwenye kitovu hicho bila kucheza. Msikubali ya kutobolewa upya jua kali, wala wosha zilizopangwa, wala spesa mbili juu ya nyingine. Wekeni jozi, kushoto na kulia sawasawa.

2. Gari lisimame mahali tambarare na pagumu. Vuteni handibreki, wekeni mawe kwenye magurudumu mengine, na legezeni nati kidogo kabla ya kupiga jeki. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

3. Safisheni habu na nyuma ya rimu kwa brashi ya waya. Tope, kutu au rangi ikibaki, itasagika njiani na nati zitalegea. Msipake grisi wala oili kwenye bolti.

4. Kwa spesa nyembamba, hesabuni mizunguko ya nati. Bolti ya milimita 12 inataka nati iingie angalau milimita 12. Kwa Toyota nyingi hiyo ni mizunguko 8 kamili. Kwa Nissan nyingi, ambazo nyuzi zake ni laini zaidi, ni kama 10. Ikipungua, toeni spesa hiyo. Haifai hata kama nati inaonekana kukaza.

5. Kwa spesa nene, angalieni kama bolti za zamani zimetokeza. Zikigusa rimu, gurudumu halitakaa sawa.

6. Kazeni nati kwa kupishana, si kwa kuzunguka mfululizo. Mkishusha gari, malizieni kwa spana ya torki. Kipimo cha nati za magurudumu ya Probox ni takriban nyutonimita 103. Nati za spesa yenyewe zifuate kipimo cha aliyeitengeneza. Mjue nguvu hiyo ni kiasi gani: ni kama mtungi wa lita 20 uliojaa maji ukining'inia kwenye ncha ya spana ya nusu mita iliyolala sawa. Kuruka juu ya spana kwa miguu miwili ni kuivuta bolti hadi ichoke.

7. Geuzeni usukani hadi mwisho pande zote mbili, kisha pakieni mzigo. Tairi isiguse kitu.

8. Baada ya kilomita 50 hadi 100, kazeni tena. Hapa wengi hukosea: nati za spesa nene zimejificha nyuma ya rimu, kwa hiyo lazima gurudumu litolewe ndipo zifikiwe. Baadaye zikaguliwe kila gari linapofanyiwa sevisi.

Dalili za hatari

Usukani kutetemeka, mlio wa kugonga gurudumuni, au michirizi ya kutu kuanzia kwenye nati. Dereva akiona moja tu, asimamishe gari hapo hapo. Asiseme "nitafika Sigor kwanza." Kinga ni bora kuliko tiba.

Maswali ya kujadili kikundini

- Gari letu lina spesa? Nani aliziweka, na kwa sababu gani?
- Nani atashika daftari la kukagua nati, na ataandika siku gani?
- Tukichanga kidogo kidogo, tunaweza kununua spana ya torki ya kutumia pamoja na kikundi jirani?
- Dereva akisimamisha gari kwa usalama na maziwa yakaharibika, tutamlaumu au tutamshukuru? Kubaliane leo, kabla siku hiyo haijafika.