Kadi ya Jina kwa Mkulima Auzaye Mazao

Msomaji wetu, pengine utashangaa kuona somo la kadi katika gazeti la wakulima. Wengi hudhani ya kuwa kadi ya biashara ni kitu cha mawakili na matajiri wa Nairobi. Tafadhali soma kwanza, kisha upime mwenyewe.

Mkulima wa tumbaku hapa Migori hahitaji kadi. Kampuni humwandikisha kwa mkataba, humkopesha mbegu na mbolea, na hulijua shamba lake vizuri sana, kwa kuwa inamdai. Mwaka 2022 Serikali ya Kenya na mashirika ya Umoja wa Mataifa walianza mradi wa kuwasaidia wakulima wa Migori waache tumbaku na kupanda maharagwe yenye madini ya chuma. Ni jambo jema. Lakini mwalimu mkuu wa shule ya bweni, au mchuuzi wa Rongo, hana daftari lenye jina lako. Akitaka maharagwe atampigia simu yule anayemkumbuka.

Nitakueleza niliyoyaona kwa macho yangu. Siku moja mnunuzi alifika ofisini kwetu na lori tupu. Alikuwa na kipande cha karatasi ya sigara kilichoandikwa: "Achieng, viazi, Kabondo", na namba ya simu iliyopungua tarakimu moja. Ukienda Kabondo, kando ya barabara ya Kisii kwenda Kisumu, utakuta kina Achieng wauzao viazi vitamu si haba. Tulijaribu kupiga simu huku na huku hadi saa nane, yule bwana akachoka, akajaza lori kwa mtu mwingine. Baada ya siku mbili mama mmoja alikuja kuuliza kama tumemwona mtu wa lori. Alikuwa amechimba viazi vyake tangu siku ya miadi, vikakaa chini ya mwembe, na vingine vilikwisha kuanza kuoza. Sikuwa na la kumwambia.

Basi tuanze na jina. Kwa Wajaluo, Achieng ni msichana aliyezaliwa jua likiwa juu, na Otieno ni mvulana aliyezaliwa usiku. Na jua halikosi kuwaka wala usiku haukosi kuingia. Kwa Wakuria, kina Chacha na kina Mwita vivyo hivyo ni tele. Kwa hiyo andika majina yako yote, na yawe yale yale uliyoandikishia M-Pesa. Mnunuzi akituma arubuni na kuona jina asilolijua, ataogopa kutapeliwa.

Chini ya jina andika zao lako na miezi unayovuna. Kisha namba ya simu moja, ile usiyoibadilisha. Laini isiyotumiwa kwa muda mrefu hufungwa, na namba yake huweza kupewa mtu mwingine kabisa. Halafu mahali. Sanduku la Posta halimwelekezi dereva wa lori. Andika soko, shule au kituo cha magari kilicho karibu nawe. Maneno kama "Mkurugenzi Mkuu" yaache, hasa ikiwa shamba ni ekari moja na mfanyakazi ni wewe na mkeo.

Upande wa nyuma uwe mtupu, tena usiwe wa karatasi ya kung'aa, maana wino wa kalamu hauishiki. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Katika siku ya wakulima nilimwona kijana akigawa kadi kwa kila mpita njia; jioni tuliziokota majanini kama maganda ya njugu. Zungumza na mtu kwanza. Mkikwisha kuelewana, geuza kadi, uandike mbele yake una kilo ngapi na zitakuwa tayari wiki gani, kisha umpe kwa mkono wa kuume. Andika kilo, si magunia, kwa kuwa gunia la lumbesi na gunia la halali hufanana kwa jina tu. Viazi vitamu huchukua miezi mitatu hadi mitano shambani, na mtu aliyekuona wakati wa kupanda atakuwa amekwisha kusahau uso wako wakati wa kuvuna.

Ukipewa kadi na wewe, andika nyuma yake usiku ule ule: tarehe, mahali mlipokutana, na alichokitaka. Mimi niliyesomea ualimu nilipuuza jambo hili. Droo yangu ina kadi kumi na moja ambazo sijui wenyewe ni nani, na mmoja wao, nadhani, alikuwa akiuza marando safi ya viazi, ambayo watu huniuliza kila mvua zinapokaribia. Tena, mpigie simu mwenye kadi kabla wiki haijakwisha, hata ikiwa huna la kuuza bado, ili namba yako iingie katika simu yake.

Fedha za kuchapisha zikikosekana, nunua karatasi ngumu ya manila, uikate vipande vya sentimita 9 kwa 5. Wanachama wa kikundi waweza kuchanga na kuchongesha muhuri mmoja wa mpira wenye jina la kikundi, zao na mahali. Kila mtu ataongeza jina lake na simu yake kwa mkono. Herufi ziwe kubwa, na kila tarakimu ikae peke yake. Ukimaliza, mpe jirani akusomee namba kwa sauti, nawe uipige.