ANDIKA, FUTA, ANDIKA TENA



Wengi wanaleta maandishi kwa gazeti letu hili, na mengi yanarudishwa. Mwenye kurudishiwa anakasirika, anasema, "Wananichukia," biki anaiweka chini, basi imekwisha. Somo la leo ni kwa ajili yake. Jambo ni moja: andiko linalofika kwenye chapa ni lile ambalo mwenyewe alikubali kuliandika mara ya pili.

1. Kurudia si aibu. Soma Yeremia 36. Mfalme Yehoyakimu alikata gombo la Yeremia kwa kisu, akalitupa motoni. Yeremia na Baruku walitwaa gombo lingine, wakaandika yote tena, na maneno mengine mengi yakaongezwa. La pili likapita la kwanza. Kama nabii alirudia kitabu kizima, wewe unakataa nini kurudia ukurasa mmoja wa kaye?

2. Anzia padogo. Paul Lomami Tshibamba, mwandishi wa Kongo, hakuanzia kwa kitabu. Mwaka 1945 alikuwa anaandika katika gazeti La Voix du Congolais. Mwaka 1948 hadithi yake Ngando ikapata zawadi kule Bruxelles. Gazeti kwanza, kitabu nyuma. Gazeti letu ni dogo, lakini ni mlango.

3. Mpe mwingine asome. Mwaka 1962 Ngũgĩ wa Thiong'o wa Kenya alikuwa mwanafunzi wa Makerere, Uganda. Chinua Achebe wa Nijeria alipofika pale kwa mkutano wa waandishi, kijana yule alimpa mswada wake asome. Ukachapwa mwaka 1964, ndiyo Weep Not, Child. Sisi hatuna Achebe hapa, lakini tuko na mwalimu wa lugha na mwenzako wa benchi. Usimwulize, "Ni nzuri?" Atakujibu ndiyo kwa heshima tu. Mwulize, "Ni wapi ulichoka? Ni wapi hukuelewa?" Pale anapoonyesha kidole, ndipo pa kurekebisha.

4. Andika kitu kinachoonekana. Mmoja anaandika: "Volkano ilikuwa mbaya sana na watu waliteseka mingi." Ni kweli, lakini msomaji haoni kitu. Mwingine anaandika: "Tarehe 27 Mei 2021, walipotangaza tuhame, mama alifunga godoro kwa kamba, mimi nikabeba sufuria mpaka Sake." Huyu hakusema neno "kuteseka", lakini tumeliona. Futa "sana", futa "mingi", weka sufuria.

5. Chunga lugha. Mtu anayesema ndani ya hadithi, mwache aseme kama tunavyosema Birere au Katindo. Lakini maelezo yako yaandike kwa Kiswahili ambacho hata mtu wa Mombasa ao Dodoma atakifuata. Tangu mwaka 2014 iko tuzo kubwa ya maandishi ya Kiswahili, iliyoanza kwa jina la Mabati-Cornell. Ukitaka siku moja kufika huko, zoea sasa. Kila neno la Kifaransa uliloandika, jiulize kwanza kama Kiswahili hakina lake.

6. Leta kazi safi. Andika upande mmoja wa karatasi, acha nafasi kati ya mistari, weka jina na darasa. Nakala moja ubaki nayo. Karatasi inapotea, na mvua ya Goma haiombi ruhusa.

Wapendwa, mambo ya mji wetu ni mengi: moto wa mlima, vita, lakini pia harusi, mpira, chukudu na kwaya ya Jumapili. Tukinyamaza, watu wa mbali ndio watakaoandika Goma yetu, na sisi tutajisoma katika maneno yao. Kwa hiyo, wewe uliyerudishiwa, toa ile karatasi chini ya godoro. Soma, futa, andika tena, ulete.

Kapita wa shule, mwaka wa sita