Gamba la Kaa Hutoka Wapi?

Kaa wa mikoko hana mfupa hata mmoja. Gamba ndilo mifupa yake, na likishakauka halikui tena. Mwili ukizidi, hana budi kulivua na kutengeneza jingine kubwa zaidi.

Sehemu kubwa ya gamba hilo ni kalsiamu kabonati, ileile iliyomo katika matumbawe. Peke yake ingemeguka upesi, kwa hiyo ndani yake mna nyuzi za kaitini, kama nondo ndani ya zege. Kaitini ni mnyororo wa sukari yenye naitrojeni, punje moja imeungwa na nyingine.

Nani anaziunga? Chini ya gamba kuna tabaka la seli hai. Kila seli ina jeni, yaani maagizo ya kuunda protini, na baadhi ya protini ni vimeng'enya: huharakisha badiliko la kikemia bila vyenyewe kwisha. Kimoja huunga sukari kuwa kaitini. Kingine, kaitinesi, huikata. Mjenzi na mbomoaji wanatoka katika tabaka lilelile, na kwangu hilo ndilo jambo la kustaajabisha zaidi.

Wasigombane kwa nini? Kwanza, kuna zamu. Vikonyo vya macho hutoa homoni ya kuzuia kujivua. Ikipungua, tezi nyingine humwaga homoni inayoamsha jeni husika kwa mpangilio. Pili, tabaka la juu kabisa la gamba jipya halina kaitini, hivyo kaitinesi inayolegeza gamba kuukuu haipati pa kushika.

Kaa akishatoka, hufyonza maji, akavimba, na gamba laini likatanuka. Sasa anahitaji madini haraka, maana hana kinga. Kalsiamu ipo: lita moja ya maji ya bahari ina takriban miligramu 400, nayo huingia kupitia matamvua. Kabonati huanzia kwenye kaboni dioksidi na maji. Vikiachwa vyenyewe huungana polepole mno. Kimeng'enya kiitwacho anhidresi ya kaboni huviunganisha kuwa bikabonati, na molekuli moja ya aina zake zenye kasi hurudia kazi hiyo hadi takriban mara milioni 1 kwa sekunde.

Bikabonati inapokutana na kalsiamu, madini huganda, lakini asidi nayo huzaliwa papo hapo. Ikiachwa, itayeyusha madini yaliyoganda sasa hivi. Kwa hiyo seli hutumia nishati kuisukuma asidi hiyo itoke, muda wote gamba linapokuwa gumu.