Jiwe la Kusagia la Jirani Yetu

Tufungue Kumbukumbu la Torati 24:6, kisha mstari wa 10 hadi 13. Mkopeshaji anakatazwa kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, maana amechukua uhai wa mwenyewe. Tena anaagizwa asimame nje, amngoje mdaiwa amletee rehani kwa mkono wake. Tuangalie vema: Sheria haikatazi kukopesha wala kudai. Inakataza kumnyang'anya mtu kile kinachomwezesha kulipa.

Hapa kwetu Rungwe jiwe hilo ni nini? Kwa mmoja ni ng'ombe wa maziwa, kwa mwingine ni kitalu cha miche au mizinga ya nyuki. Kazi hizi humpa mtu fedha huku ardhi ikibaki na afya. Samadi huenda migombani, na penye mtambo wa gesi hupika chakula kwanza, ndipo masalio yake yakapelekwa shambani. Naye mwenye mizinga hataki moto msituni, hata bwana misitu asipopita.

Lakini ni kazi za uvumilivu. Mche wa parachichi uliobebeshwa huchukua kama miaka mitatu kabla ya kuzaa, na mikopo mingi hudaiwa kila mwezi. Hapo ndipo penye hatari. Akibanwa, mtu huuza matunda yangali mtini kwa bei ya mlanguzi, au huchuma machanga yasiyoiva vizuri, akaharibu jina la wakulima wote. Asiye na cha kuuza huchukua shoka akapanda mlimani, kwa kuwa mkaa hununuliwa siku hiyo hiyo. Na msitu wa Mlima Rungwe ndiko vinakotoka vijito vyetu. Humo anaishi kipunji, kima ambaye wataalamu walimtambua mwaka 2003, ingawa wawindaji wa huku walikuwa wakimtaja tangu zamani.

Wakulima wadogo wa chai walipoungana katika chama chao, walipata hisa katika Kampuni ya Chai ya Wakulima, yenye viwanda vya Katumba na Mwakaleli. (Chai nayo hukaushwa kwa kuni, kwa hiyo kupanda miti ni sehemu ya kazi hiyo.)

Basi vikundi vyetu vya kuweka na kukopa vitazame daftari zao. Mkopo wa miche udaiwe wakati wa mavuno. Ng'ombe na mizinga visiandikwe kuwa rehani. Mweka hazina atauliza: je, asipolipa? Ni swali la haki, maana katika sanduku hilo mna akiba ya wajane. Torati haikumwacha mkopeshaji mikono mitupu: vazi liliweza kuwekwa rehani, ila la maskini lirudishwe jua linapotua.

Swali la kuzungumza nyumbani na katika Umoja wa Akina Mama: katika kikundi chenu, ni kitu gani kilichochukuliwa kwa sababu ya deni mwaka huu, na aliyekuwa nacho anafanya kazi gani sasa?